Tuliingia Pamoja 1999: Taarifa ya Katibu kwa Kikao cha Maandalizi

Hotuba ya katibu wa kamati inayoandaa mkutano wa waliosoma Ualimu na masomo ya Sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1999 hadi 2002. Imenakiliwa kutoka kwenye rekodi ya kikao na kusahihishwa kidogo na msemaji mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mweka hazina wetu, ambaye tangu tumefika hatutazami usoni ila mfukoni, kaka zangu na dada zangu, na mashemeji mliosindikiza wenzi wenu mkidhani kikao ni cha nusu saa: habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari, na mnatujua wakuu wa shule tukishasimama mbele ya mstari. Nitajitahidi.

Kikao kilichopita mlinituma kazi moja: nikusanye habari za wenzetu zichapwe kwenye kijitabu cha mwakani, tutakapotimiza miaka 25 tangu tuvae majoho. Mkanikabidhi na fomu ya kutuma kwa kila mmoja. Jina, kazi, cheo, makazi, hali ya ndoa, idadi ya watoto, na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, MAFANIKIO. Sijui ni nani kati yenu aliyeweka kipengele hicho na sitaki kumjua. Ila ndicho kilichoniharibia kazi, na nitaeleza.

Nianze na fomu zilizorudi, kwa sababu ni nzuri na hakuna haja ya kuzionea haya. Tunaye mkurugenzi wa halmashauri. Tunao maafisa elimu, wa wilaya na wa mkoa. Tunao madaktari wa falsafa, na mmoja wao shahada hiyo kaipata mwaka jana akiwa na miaka 47, mtoto wake wa kwanza akiwa naye mwaka wa pili chuoni; anasema usiku walikuwa wakigombea meza moja ya kusomea. Tunaye wakili: alichoka na chaki, akasoma sheria Chuo Kikuu Huria huku akifundisha, leo ana ofisi yake Mwanza. Tunaye mchungaji. Mnaomkumbuka mchungaji huyo alivyokuwa bwenini, Hall Five, mtaelewa kwa nini nilimuuliza mara mbili. Yuko mkulima wa parachichi Njombe, aliyetuma picha nyingi za miti na hakuna hata moja aliyomo yeye au mkewe. Wapo walio nje: Muscat, Leeds, na mmoja Minnesota anayehudumia wazee kwa zamu ya usiku. Huyo kwenye nafasi ya cheo kaandika: "Nawageuza wagonjwa ubavu." Fomu yake nimeipenda kuliko zote.

Na tunao wakuu wa shule, wa sasa na wastaafu wa ukuu. Hapa nitasimama kidogo, Mwenyekiti usiangalie saa.

Sisi tulimaliza 2002. Mwaka 2004 Serikali ikaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 1,300. Kufikia 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Hesabuni wenyewe: ndani ya miaka mitano shule zimekuwa zaidi ya mara tatu, na kila moja inataka mkuu wa shule. Wenye shahada ya ualimu walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Tukaokotwa sisi, miaka miwili mitatu kazini, wengine hata hawajaoa, tukakabidhiwa funguo, na pengine hata mlango wa kufungua haupo.

Mimi nilipokea shule ya kata yenye vyumba viwili vya madarasa. Matofali walifyatua wananchi, mchanga walisomba kina mama, na michango ya kaya ilikuwa bado inakusanywa siku watoto wanaingia kidato cha kwanza. Walimu tulikuwa watatu kwa masomo yote. Wenzangu wawili walikuwa wale vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa kazini, mtaani wakaitwa walimu wa voda fasta. Watu waliwacheka sana. Mimi siwacheki mpaka leo. Mmoja wao alibeba hisabati ya shule nzima peke yake, tena vizuri, wakati sisi wenye digrii zetu za Historia na Kiswahili tulikuwa tukiomba Mungu mkaguzi asije. Na ukishamaliza darasani unaitwa kwenye kikao cha kijiji. Una miaka 28, mbele yako yuko diwani, yuko mtendaji, wako wazee wa umri wa baba yako, na wewe ndiye wa kuwaambia kwamba binti yule wa kidato cha pili haolewi.

Haya hayamo kwenye fomu. Wote waliopitia huko wameandika "Mkuu wa Shule, 2006 hadi 2011" wakaweka nukta. Nikimpigia mmoja simu, anaongea saa nzima, na anachosimulia hakuna aliyekiandika. Wengi wetu hatukukaa kwenye shule zilizoanza na maabara na jengo la utawala. Tuliziona shule zikiwa msingi na rundo la kokoto. Naomba kijitabu kiwe na kurasa za hayo, na vyeo vifupishwe kupisha. Hilo ni ombi langu la kwanza, liandikwe kwenye muhtasari.

Sasa fomu ambazo hazikurudi. Hizo ndizo nyingi.

Mwanzoni nilidhani ni uvivu wetu wa kawaida wa kujaza makaratasi. Nikaanza kupiga simu. Namba za zamani nusu yake hazipatikani. Tangu laini zilipozimwa Januari 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, watu walipotea ambao hadi hapo tulikuwa tukisalimiana sikukuu hadi sikukuu. Dada zangu nao mmenitesa. Mmeolewa, mmebadili majina, wengine mmebadili tena mkarudia ya zamani, na halmashauri nikiuliza "mwalimu fulani" hawamjui, mpaka nimtaje kwa jina la mtoto. Nimewapata watu kupitia parokia, kupitia msikiti, kupitia mwakilishi wa chama cha walimu shuleni, na mmoja nimempata kupitia mwanafunzi wake aliyekuwa muuguzi hospitali nilikompeleka mama yangu.

Jibu nililopewa lilifanana karibu kwa wote. Wanachangamka, tunacheka, tunakumbushana bumu, ile posho yetu ya wanafunzi, lilivyokuwa likichelewa, watu wakihesabu siku kama wafungwa, na kubebana kitanda kimoja mpaka shingo zinapinda. Halafu nataja fomu. Sauti inashuka. "Aa, dada, mimi sina cha kuandika."

Yuko mwenzetu Rukwa. Tangu apangiwe kazi yuko shule ile ile, darasani. Hajawahi kuwa mkuu wala makamu wala mwalimu wa taaluma. Miaka ile madaraja ya mshahara yaliposimama na yeye akasimama nayo, na yalipofunguliwa wapo vijana aliowafundisha yeye mwenyewe ambao sasa wamemzidi mshahara. Nikamuuliza wanafunzi wake wako wapi. Akanitajia mmoja baada ya mwingine, kwa majina matatu matatu, na mwaka aliomaliza kila mmoja. Nikamwambia andika hayo. Akasema, "Hayo ni mafanikio yao."

Yuko aliyeacha kazi kumuuguza mama yake aliyepata kiharusi, kwa sababu ndiye pekee ambaye hajaolewa, na ukoo ulishaamua kabla yeye hajafika kikaoni. Yuko aliyegombea ubunge, akauza nyumba, akaanguka kwenye kura za maoni, na bado anadaiwa kofia na kanga alizozigawa. Yuko ambaye ndoa yake tulikula pilau lake wote, ilivunjika 2014, na anaogopa kuja kwa sababu aliyekuwa mumewe naye ni mwenzetu na fomu yake imerudi tayari, imejazwa na mke mwingine. Ninyi mnacheka. Yeye hacheki.

Na yuko mmoja ambaye nimefikiri sana kama nimseme hapa. Mnakumbuka uhakiki wa vyeti wa 2017. Siku ile ya Aprili pale Dodoma watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mwenzetu alikuwamo. Alikaa darasani na sisi miaka mitatu, alifaulu mitihani yake mwenyewe, hakuibia mtu. Lakini shahada yake ilisimama juu ya cheti cha kidato cha nne cha mtu mwingine. Alikosea, na sheria ilifuata mkondo wake, sina ubishi nalo. Leo anauza dawa za mifugo kijijini kwao. Nilipompigia, kitu cha kwanza alichouliza ni kama jina lake bado limo kwenye orodha yetu. Nikamwambia limo. Kama kuna anayetaka litoke, asimame aseme hapa, mbele ya wote. Asinifuate nje baada ya kikao.

Nashukuru.

Hapo ndipo nikaanza kuitazama orodha yenyewe. Imetoka wapi? Imetoka kwenye kitabu cha mahafali cha 2002, kile chenye majina yetu kwa herufi ndogo zisizosomeka, ambacho kila mama mzazi anacho kabatini pamoja na cheti cha ubatizo au cha madrasa. Kitabu hicho kinawajua waliotoka. Walioingia hakiwajui.

Tulipoingia, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere aliofariki, tulikuwa wengi kuliko tulivyotoka. Kuna waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Mnakumbuka matokeo yalivyokuwa yakibandikwa ubaoni: namba yako iko pale, kila mpita njia anaiona, na aliyedisko anasoma huku nyuma yake foleni inasukuma. Wengine walirudi Hall kufunga begi bila kuaga, na sisi tukajifanya tumelala. Kuna waliokwamishwa na DS, Development Studies, somo ambalo tuliokuja kusoma Jiografia tulilidharau likatuonesha. Kuna dada aliyepata ujauzito, akaahirisha mwaka, akamaliza 2003. Kwa kitabu chetu yeye si wetu, na kwa kitabu cha 2003 ni mgeni. Kuna waliougua. Kuna ambaye baba yake alifariki, akaenda kuzika Bukoba, na ng'ombe na wadogo zake wakawa wake.

Nimempata mmoja wa wale waliodisko. Ni karani wa ghala la korosho Mtwara, na ukitaka kujua hali yake, hali yake ni ya kawaida: ana nyumba, ana watoto, msimu wa minada halali usingizi. Nilimpigia nikiwa na wasiwasi nitaanzaje. Wasiwasi wangu ukaisha kwenye salamu, maana yeye ndiye aliyeanza kunipa habari zenu. Fulani alihamia Babati. Fulani mumewe anaumwa figo. Fulani na fulani hawasemeshani tangu mambo ya kiwanja. Miaka yote hii, ninyi mnapanda vyeo na kubadili simu, yeye alikuwa na daftari lake. Wenzetu wakipita Mtwara kikazi walilala kwake. Nusu ya namba ninazozisoma hapa zimetoka kwake, mtu ambaye kitabu cha mahafali hakimjui. Nilipomuuliza kama atakuja mwakani akasema hakualikwa.

Kwa hiyo ombi la pili, na hili naomba lipigiwe kura: barua zisomeke "walioingia 1999". Mwaka wa kutoka tuuache. Mtu akija na joho, akija bila joho, tulishaonana kwenye foleni ya usajili.

Nipite haraka kwenye mambo ya mwili, kwa sababu hapa hakuna siri. Sote tuko kati ya 46 na 50. Presha imo, kisukari kimo, magoti yamo. Kaka zetu, tezi dume haisubiri ustaafu. Nendeni mkapime, na msiseme mnasikia aibu, mlioga bafu moja miaka mitatu. Dada zangu, joto linalokuja saa nane usiku si malaria. Watoto wetu wakubwa wako vyuoni na wadogo bado wanataka kubebwa. Yuko mwenzetu aliyejifungua pacha akiwa na miaka 44, na yuko aliyeitwa bibi kabla yake. Wazazi wetu nao wamegeuka watoto, na wale mnaotegemea bima ya afya ya watumishi mnajua nafasi zenyewe: wewe, mwenzi wako na wategemezi wanne. Sasa una watoto watatu na wazazi wanne, wako na wa mwenzako. Chagua nani atumie bima. Huo ndio umri wetu, na kila niliyempigia simu alikuwa amechagua tayari na hakutaka kulisema.

Pensheni nayo. Tukianza kazi tulikuwa tunasikia wazee wakichukua nusu kwa mkupuo. Mifuko ikaunganishwa 2018, ukazaliwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, kanuni ikaja na asilimia 25, ikasitishwa mwaka huo huo. 2022 ikawa 33, na tangu 2024 ni 40 kwa sisi tuliokuwa kwenye ile mifuko ya serikali. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55. Maana yake wa kwanza wetu wanaweza kutoka 2031, ambayo ukiwa na mtoto wa kidato cha kwanza si mbali hata kidogo. Nimeona kwenye ratiba ya mwakani kuna saa mbili za "burudani ya bendi". Napendekeza saa moja kati ya hizo apewe mtu wa mfuko aje atupigie hesabu. Bendi itatungoja.

Kuna orodha nyingine ninayo hapa, na leo sitaisoma. Ni ya waliotangulia. Nitasema tu kwamba ina makundi, na ukiitazama kwa miaka unaona nchi ilipita wapi. Wale wa kwanza walikwenda 2003 na 2004. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure mwishoni mwa 2004, na wengi tunajua, ingawa misibani tulisema homa ya mapafu, kwamba wenzetu wale walizikosa kwa miezi. Kati yao alikuwemo aliyeongoza darasa letu kwa alama. Halafu wapo wa ajali za barabarani, wametawanyika miaka yote. Yuko aliyekufa akijifungua kwenye wilaya ambayo gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Na wapo wa mwanzo wa 2021, wale wa "changamoto ya upumuaji", ambao tuliwazika bila kukumbatiana, na wengine tulijua wameshazikwa. Orodha hiyo isomwe Mlimani, pale chuoni kwetu, taratibu, majina yote matatu, watoto wao wakiwa wamealikwa. Nimeshawasiliana na baadhi ya watoto hao. Wapo wanaotaka kusikia jinsi baba alivyokuwa, na hawana wa kumuuliza isipokuwa sisi.

Nimesema Mlimani. Najua pendekezo la kamati ndogo ni hoteli ya ufukweni, mchango shilingi 300,000 kwa mtu mmoja na 500,000 kwa wawili, sare ya kitenge pembeni. Nimeliona, limepangwa vizuri, na nalipinga.

Sheria inataka mshahara wa mtumishi usikatwe hadi ukabaki chini ya theluthi moja. Wenzetu wengi wanaishi kwenye theluthi hiyo hiyo. Kuna mkopo wa benki uliojenga nyumba, kuna makato ya chama na bima. Deni la elimu ya juu, baada ya makato kupandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2016, wengine wamelimaliza juzi juzi tu. Nje ya mshahara kuna mikopo ya kausha damu ambayo mwenye nayo hamwambii hata mkewe. Ukimtumia mtu huyo kadi ya 300,000 hatakujibu kwamba hana. Atakujibu kwamba siku hiyo ana msiba. Mtakutana ninyi wenye fomu zilizorudi, mtapiga picha, mtarudi nyumbani, na hamtajua mliyemkosa.

Twende Mlimani. Tuombe Ukumbi wa Nkrumah kwa asubuhi, ule ule uliokuwa nyuma ya noti ya 500, noti ambayo Benki Kuu imekwisha kuiondoa na watoto wetu wanajua sarafu yenye nyati tu. Baada ya hapo tukae kwenye vimbweta, yale mabenchi yetu ya saruji. Chakula kiwe cha kawaida, na anayetaka bia anajua njia ya Survey tangu zamani. Wale ambao hamjarudi tangu 2002 mtashangaa. Mlimani City haikuwapo, ilikuja 2006. Hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017, maktaba mpya 2018, na yuko mwenzetu mwenye binti anayesoma humo ambaye alimwambia baba yake kwamba maktaba yetu ya zamani inaonekana kama stoo. Tumbili tu ndio hawakubadilika. Mkija na watoto, shikeni mikoba.

Mchango uwe 50,000. Wenye uwezo waongeze, na hapa nakuomba sana mweka hazina: daftari libaki kwako. Kusiwe na kutangaza nani katoa nini, kusiwe na "Mheshimiwa ametuchangia milioni, makofi." Tunajua utaratibu wa vikao vyetu, na makofi huwa yanaleta fedha, sikatai. Safari hii zije bila makofi. Nyongeza hiyo ilipe nauli. Sisi wa Morogoro na wa Dodoma tuna treni ya SGR tangu 2024, tunafika Dar na nguo hazijakunjamana. Wa Sumbawanga, Kigoma na Karagwe wanapanda basi usiku na mchana. Yule wa karibu amsaidie yule wa mbali, na msaada upite kwa mweka hazina, yule wa mbali asijue ni nani.

Na beji. Iwe na jina ulilolitumia 1999, jina la nyumbani kwenu, na Hall uliyolala. Basi. Mkurugenzi wetu nimeshaongea naye kuhusu hili, kanijibu kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kwa jina lake isipokuwa mama yake, na amekubali kabla sijamaliza sentensi. Maprofesa ndio bado wanafikiria.

Kuhusu yule dada na aliyekuwa mumewe: wote waalikwe. Nimeongea na mke wa sasa. Ni mtu mwema, kuliko baadhi yetu hapa mliokuwa mnaleta maneno kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mnajijua.

Fomu mpya nimechapisha. Kipengele cha mafanikio nimekitoa, na cheo pia. Badala yake nimeuliza matatu: ulipangiwa kazi wapi mara ya kwanza na ulifikaje, nani katika sisi ungependa kukaa naye siku hiyo, na unahitaji nini ili uweze kuja. Swali la mwisho majibu yake nayasoma mimi na mweka hazina tu. Yule karani wa Mtwara amekubali kusaidia kutafuta wengine, na naomba kikao kimwingize rasmi kwenye kamati, maana kazi ya katibu amekuwa akiifanya kabla yangu.

Karatasi ziko pale mlangoni, juu ya meza yenye soda. Kila moja ina majina matatu ya watu ambao bado hatujawasikia. Usichague, chukua ya juu. Mpigie mtu, usimtumie ujumbe, na usianze kwa kumuuliza siku hizi uko wapi na unafanya nini. Kuna majina mawili bado hayana namba kabisa. Mmoja alikuwa akitoka Kilwa, alikuwa na mwanya na alicheza netiboli, na mwingine tulimwita Babu ingawa alikuwa mdogo wetu wote. Anayejua lolote aniambie kabla hajaondoka, treni yangu ni ya saa moja jioni.